Jinsi ya kuwafadhili wanaharakati wa mashinani bila kuwavunja mgongo

Kwa miaka sita nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha mtaa hapa Mombasa. Tulikuwa watu kumi na tisa, wengi wetu akina mama, tukipigania mtaro wa majitaka na haki ya kubaki kwenye ardhi tuliyozaliwa. Mfadhili wetu wa kwanza mkubwa alitutumia fomu ya kurasa 34, yote kwa Kiingereza. Niliichapisha kwenye saiba, shilingi kumi kila ukurasa, nikaijaza usiku kwa mwanga wa simu kwa sababu stima zilikuwa zimepotea. Swali la saba lilitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Sisi tulikuwa na daftari moja la jalada gumu na kasha lenye kufuli tatu. Pesa ziliingia baada ya miezi kumi na minne, na vibanda tulivyotaka kuvinusuru vilikuwa vimeshabomolewa.

Sasa nakaa upande wa pili wa meza. Nimo katika kamati ya mfuko mdogo unaotoa ruzuku kwa vikundi vya Pwani, na kila tunapokutana naiona fomu ile mbele ya macho yangu. Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye pesa na nia njema: taasisi ya kampuni, shirika la kimataifa lenye ofisi Nairobi au Dar es Salaam, au ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya wanaochangishana kwenye kundi la WhatsApp. Ninachokitaka ni kimoja: mzigo wa karatasi na wa kungoja uhamie kwa mwenye pesa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ofisi, wafanyakazi na wanasheria.

Kwanza pima urefu wa mapambano

Chukua mfano wa Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukutani mwa nyumba za watu, na madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009, mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kugonga milango. Mwaka 2012 alikamatwa kwa sababu ya maandamano. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ya wakazi ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2016. Hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 ikatolewa Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Hesabu mwenyewe. Tangu mama yule ashike kazi pale hadi Mahakama ya Juu kutamka, ni miaka kumi na mitano. Ruzuku ya kawaida ni ya miezi kumi na miwili.

Lamu ni vivyo hivyo. Leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ilitolewa mwaka 2016. Wakazi chini ya mwavuli wa Save Lamu wakaipinga, na Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa ikaendelea, na ilikuwa Oktoba 2025 ndipo mahakama ya Malindi ilipothibitisha kufutwa kwake. Miaka yote hiyo kuna watu waliokuwa wakipanda boti kutoka Lamu, wakishuka Mokowe, wakipanda basi, wakilala kwa jamaa, ili tu waonekane kortini jina la kesi linapoitwa. Nauli hiyo ndiyo harakati yenyewe. Ukiwa huna fungu lake kwenye mfuko wako, bado hujaanza kufadhili.

Hatua ya 1: Nenda ukakae nao kabla hujatangaza pesa

Tangazo likitoka kwanza, watakaokuja ni wenye kujua kuandika maandiko ya miradi. Wengine ni watu safi, wengine ni mashirika ya mkobani yanayoishi kwenye kompyuta moja. Wale unaowatafuta hawajaliona tangazo, maana liko kwa Kiingereza na mwisho wa kutuma ni saa sita usiku.

Nenda mtaani au kijijini bila msafara wa magari. Nenda saa zao: baada ya swala ya alasiri, au siku isiyo ya soko, au Jumapili baada ya ibada. Usibebe fulana zenye nembo. Waulize watu wa aina mbalimbali swali moja: shida ikiwafika hapa usiku, mtu amechukuliwa na polisi au tingatinga limekuja, mnampigia nani kwanza? Andika majina. Jina litakalotajwa na muuza samaki, likatajwa na mwalimu wa madrasa, likarudiwa na kijana wa bodaboda, hilo ndilo unalolitafuta. Mara nyingi litakuwa la mwanamke ambaye hajawahi kualikwa kwenye semina.

Ukishampata, uliza kikundi chake kinafanya nini sasa, bila pesa yako. Kama kuna kazi inayoendelea kwa michango ya shilingi hamsini hamsini, umefika penyewe. Kama jibu ni kwamba wanangoja mfadhili ndipo waanze, waage kwa heshima uendelee na safari.

Hatua ya 2: Jua sheria inayowahusu, usiwaachie wao peke yao

Hapa Kenya, kikundi cha mtaa huandikishwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kinahitaji wanachama wasiopungua kumi. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, ambayo Bunge liliipitisha mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024. Usikidai kikundi cha akina mama cheti cha shirika kubwa. Cheti cha kikundi kinatosha kufungua akaunti benki na kupokea ruzuku ndogo.

Tanzania vikundi vya kijamii huandikishwa kwenye halmashauri, na mashirika yasiyo ya kiserikali huandikishwa na msajili wao. Kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe serikalini ndani ya siku 10. Wewe mwenye mwanasheria ndiye wa kulikumbuka hilo na kuandaa barua, maana katibu wa kikundi ana shamba la kupalilia.

Kuna vikundi visivyosajiliwa kabisa, na vingine vimenyimwa usajili kwa sababu ya jambo wanalolipigania. Hao usiwatupe. Tafuta shirika mwenyeji: taasisi iliyosajiliwa, inayoaminiwa na kikundi chenyewe, ipokee pesa kwa niaba yao na kuzipitisha. Kubalianeni kwa maandishi mwenyeji atakata kiasi gani kwa kazi hiyo. Mimi sikubali ipite asilimia kumi. Na mwenyeji asiwe na sauti juu ya matumizi; kazi yake ni kupitisha pesa na kutunza kumbukumbu.

Hatua ya 3: Jaza fomu wewe

Mfuko wetu uliacha fomu miaka mitatu iliyopita. Sasa kikundi kinatutumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, usiozidi dakika kumi, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, Kipokomo, Kibajuni, lugha yoyote waliyozaliwa nayo. Wanajibu mambo manne: nyinyi ni nani, mnapambana na nini, mmeshafanya nini, na pesa zikija mtaanzia wapi. Mfanyakazi wetu anausikiliza, anauandika kurasa mbili, kisha anawasomea kwa simu ili wathibitishe kwamba ndivyo walivyosema. Kazi hiyo inamchukua nusu siku. Kwa kikundi, fomu ya zamani ilikula wiki mbili, na mara nyingi walimlipa kijana wa chuo awaandikie, kwa pesa walizochangishana.

Ukiwa na bodi inayodai maneno makubwa, nadharia ya mabadiliko, jedwali la matokeo na viashiria, basi mfanyakazi wako ayaandike hayo kutokana na yale aliyoyasikia. Usimtume mama wa Kibarani kujifunza lugha ya bodi.

Hatua ya 4: Waweke wanaharakati kwenye meza ya kuamua

Hili ndilo wafadhili hulikubali kwa mdomo na kulikwepa kwa vitendo. Wanaunda kamati ya ushauri, wanawaalika watu wa mtaani kutoa maoni, kisha wanaamua wenyewe jioni. Kamati ya kushauri haitoshi. Waliowahi kulala seli kwa ajili ya jambo hilo wapige kura juu ya nani apewe na kiasi gani.

Mifano iko hapa hapa. UHAI EASHRI, mfuko wenye makao Nairobi unaohudumia wanaharakati wa Afrika Mashariki, maombi yake hupitiwa na kuamuliwa na kamati ya wanaharakati wenzao. FRIDA, mfuko wa wasichana na vijana wanaotetea haki za wanawake, huviachia vikundi vilivyoomba vipigiane kura. Pesa hazikupotea kwa sababu hiyo. Watu wa kazi moja hutambuana upesi. Mvuvi hahitaji kurasa 34 kumjua mvuvi mwenzake.

Mambo matatu ya kuzingatia. Mjumbe ambaye kikundi chake kimeomba atoke nje wakati kinajadiliwa, na aliyeshindwa kutoka asipige kura. Wajumbe wabadilike kila baada ya miaka miwili, la sivyo meza inakuwa ya ukoo. Na walipwe. Mama anayeacha meza yake ya mahamri siku nzima kusoma maombi ya watu anastahili ujira wa siku hiyo, pamoja na nauli na chakula, kama anavyolipwa mtaalamu wa Nairobi.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Kumlipa mtu kwa kazi ya kuamua ni haki. Kumlipa mwanachama posho ya kuhudhuria mkutano wa kikundi chake mwenyewe ni sumu. Nimeona kikundi kilichokutana kila Jumatano kwa miaka minane bila senti, kikapata mfadhili wa posho, na mradi ulipokwisha hakikukutana tena. Rudisha nauli ya wanaotoka mbali, leteni chai na mkate, mwishie hapo.

Hatua ya 5: Toa pesa isiyofungwa, na toa kwa miaka

Mfadhili wetu yule wa kurasa 34 alikubali kulipia semina tatu kwenye hoteli ya ufuoni. Akakataa kodi ya chumba chetu cha mikutano, shilingi 6,000 kwa mwezi, akisema hayo ni matumizi ya uendeshaji. Semina moja ya siku mbili ingelipa kodi ya mwaka mzima na chenji ikabaki. Tulihudhuria semina zile tukijua chumba kimefungwa kwa kufuli ya mwenye nyumba, na daftari letu liko ndani.

Kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba pesa ni za kazi ya kikundi kwa jumla, na kikundi ndicho kitakachopanga. Ukitaka kujua zitakwenda wapi, nitakuambia mapema: kodi, bando la simu, nauli za kortini, kupiga nakala za hati, chakula cha watu wanaolinda ardhi usiku, michango ya bima ya afya ya SHA kwa mratibu na mlinzi, na mshahara wa mratibu. Hapo kwenye mshahara ndipo wengi hushtuka. Mratibu wa kujitolea ambaye analala saa sita usiku akishughulikia kesi, kisha anaamka saa kumi alfajiri kukaanga viazi karai, ataugua au ataondoka. Ukimlipa kiasi cha kuacha karai, umenunua miaka mitano ya harakati.

Muda nao usiwe chini ya miaka mitatu. Tajiri wa Marekani MacKenzie Scott ametoa mabilioni ya dola tangu mwaka 2020, nyingi kwa mkupuo mmoja bila kupangia mpokeaji matumizi. Kwa kuwa amefanya mtu mwenye pesa nyingi kiasi hicho, mfuko wa shilingi milioni tano hauna sababu ya kudai ripoti ya kila robo mwaka kuhusu sabuni na karatasi.

Kuhusu ahadi za wakubwa, uwe macho. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa misaada ya kibinadamu kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliafikiana kwamba robo ya fedha za misaada hiyo zifike kwa watendaji wa ndani ya nchi, kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo, ifikapo mwaka 2020. Mwaka ukafika na lengo halikufikiwa. Usingoje wao. Mfuko wako unaweza kuanza leo, na kwa zaidi ya robo.

Hatua ya 6: Jiandae kwa Ijumaa jioni

Kila mwanaharakati wa Kenya anaijua Ijumaa. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa alasiri, siku inayofuata ya mahakama ni Jumatatu. Usiku tatu seli. Na mfadhili wako Ijumaa saa kumi na moja jioni ameshafunga kompyuta.

Kwa hiyo tenga kasma ya dharura na uipange hivi.

Watu wawili wa mfuko wawe na mamlaka ya kuidhinisha kwa simu, wikendi na sikukuu, bila kikao. Jibu litoke ndani ya saa chache. Likichelewa sana, siku moja. Ombi liwe ujumbe wa sauti au hata ujumbe mfupi wa simu: nani, wapi, mnahitaji nini. Maelezo marefu yatakuja baadaye, mtu akishatoka.

Pesa ipite kwa M-Pesa. Kumbuka kiwango: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haipitishi zaidi ya 500,000 kwa siku. Dhamana ya watu kumi inaweza kupita hapo, kwa hiyo panga mapema namba za watu wawili au watatu wanaoaminiwa.

Sehemu ya kasma ikae mikononi mwa kikundi chenyewe tangu mwanzo. Shilingi elfu thelathini zilizoko mtaani saa mbili usiku zina thamani kuliko laki tatu zitakazoidhinishwa Jumanne. Zinamlipia wakili nauli ya kuja kituoni, zinanunua chakula na blanketi la seli, zinamlipa jirani anayewalaza watoto wa aliyekamatwa. Hao watoto husahauliwa na kila bajeti niliyowahi kuisoma.

Urgent Action Fund-Africa, yenye makao Nairobi, imekuwa ikifanya kazi ya namna hii kwa wanawake wanaharakati tangu mwaka 2001, na kuna mengi ya kujifunza kwao. Lakini shule kubwa zaidi ilikuwa Juni 2024. Vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Wakenya walichangia matibabu ya majeruhi na mazishi kupitia simu zao, mawakili wakaenda vituoni bila kulipwa, madaktari wakafungua hema. Hakuna aliyejaza fomu. Ni harambee ile ile ya wazee wetu, ikikimbia kwa mwendo wa intaneti. Mfadhili asiyeweza kukimbia mwendo huo apeleke pesa zake kwa wanaoweza.

Hatua ya 7: Usiwaanike

Uliza kabla ya kupiga picha. Uliza tena kabla ya kuitumia. Usichapishe orodha ya vikundi unavyovifadhili kama vyenyewe havijaridhia, na usiitume orodha hiyo kwa barua pepe kwa watu ishirini wa bodi. Julai 2021 Joannah Stutchbury, aliyekuwa akipinga unyakuzi wa msitu wa Kiambu, aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake baada ya kupokea vitisho. Ripoti ya mwaka yenye picha nzuri za rangi inaweza kuwa ramani mikononi mwa mtu mbaya. Ukikosa picha ya jalada, weka picha ya bahari.

Hatua ya 8: Kagua hesabu kwa macho, si kwa makaratasi

Kasha letu lilikuwa la bati, rangi ya kijani, na fundi wa chuma alilichomelea pete tatu za kufuli. Funguo moja ilikaa kwangu, nyingine kwa mwenyekiti, ya tatu kwa mwanachama wa kawaida aliyechaguliwa kila miezi sita. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Kila mkutano ulianza kwa kulifungua mbele ya wote, pesa zikahesabiwa kwa sauti, na mtoto wa shule mmoja akasoma daftari: tarehe, aliyepewa, kwa kazi gani, kiasi, sahihi au dole gumba. Akina mama wasiojua kusoma walizishika hesabu zile kichwani. Nilipokosea kwa shilingi 200 siku moja, bibi wa miaka sabini alinisimamisha kabla sijamaliza ukurasa.

Huo ni ukaguzi wa hesabu, na mkali kuliko wa ofisi nyingi. Vikoba vya Tanzania na vyama vya kuweka akiba vya Kenya vimeutumia miaka mingi. Mfadhili anayeijua kazi yake huomba kukaa kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo kwa mwaka, akaangalia na kunyamaza. Ataona kama kasha linafunguliwa mbele ya watu au nyuma ya mlango.

Kuhusu stakabadhi: bodaboda hana, mwenye mtumbwi hana, mama anayeuza wali hana. Kubali ujumbe wa M-Pesa kuwa stakabadhi. Pale ambapo pesa ilikuwa taslimu, kubali sahihi za mashahidi wawili. Ukidai risiti zenye muhuri kwa kila kitu, utapata risiti zenye muhuri kwa kila kitu, maana zinauzwa madukani, na utakuwa umewafundisha watu waaminifu kughushi.

Ripoti nayo iwe mazungumzo. Piga simu kila baada ya miezi sita, mkubaliane kurekodi, uliza nini kimebadilika, nini kimeharibika, nani amechoka, na mnataka tufanye nini tofauti. Kisha mfanyakazi wako aandike.

Sasa suala la pesa kupotea, ambalo kila mfadhili huliogopa na wachache hulizungumza. Kwetu ilitokea. Mwanachama aliyetumwa benki kutoa shilingi 40,000 alizitumia kumlaza mwanawe hospitali. Alikuja mwenyewe kwenye mkutano, akasema. Watu walilia, wengine walimkaripia, tukakubaliana alipe 8,000 kila mwezi, na alilipa zote kwa miezi mitano. Mfadhili hakuambiwa. Mkataba ulisema ubadhirifu wowote ungevunja ruzuku nzima, basi tukaficha jambo ambalo kikundi kilikuwa kimelitatua vizuri kuliko mahakama. Andika mkataba wako kwa namna nyingine: kikundi kikisema mapema na kikaonyesha kinavyorekebisha, ruzuku inaendelea. Anayeficha na kurudia, huyo sitisha. Na usiwaadhibu watu kumi na tisa kwa kosa la mmoja.

Hatua ya 9: Panga kuondoka siku ile ile unayoingia

Januari 20, 2025, kwa amri moja iliyotiwa sahihi Washington, misaada ya Marekani kwa nchi za nje ilisimamishwa. Siku chache baadaye, watu wengi hapa Pwani walikuwa wameambiwa wasije kazini. Kliniki zilipunguza siku, mashirika yakafunga ofisi. Vikundi vilivyokuwa vikipokea kwa mikono mitatu ya kati havikupewa hata barua. Walijua kwa kuona mlango umefungwa.

Mwambie mwenzako tangu mwanzo ruzuku itakwisha lini, na umkumbushe mwaka mzima kabla. Mwaka wa mwisho usipunguze pesa kwa ghafla. Na katika mwaka wa pili, ukiwa bado upo, zungumzeni kuhusu kitu kitakachobaki kikizaa.

Waswahili tuna neno la hilo, wakf: duka au nyumba inayotengwa ili kodi yake itunze msikiti au madrasa, kizazi baada ya kizazi. Mashirika ya ufadhili huogopa kununua mali. Mikataba yao mingi inakataza. Naomba wabadilishe kifungu hicho kabla ya kingine chochote. Chumba kimoja cha kupangisha, mashine ya kupiga nakala karibu na mahakama, jokofu la samaki. Waulize watu wenyewe, wanajua biashara ya mtaa wao.

Kikundi chetu kilichagua mahema na viti. Mfadhili wetu wa pili, mdogo kuliko wa kwanza, alikubali tununue mahema mawili na viti mia moja vya plastiki. Tunavikodisha kwenye harusi, matanga na mikutano ya hadhara. Msimu wa harusi hutuingizia kodi ya chumba ya miezi kadhaa, na kijana anayevibeba kwa mkokoteni ni mtoto wa yule mwanachama wa shilingi 40,000. Mfadhili huyo ameshaondoka miaka miwili sasa. Jumamosi iliyopita viti vyote vilikuwa harusini Likoni, na Jumapili asubuhi kasha likafunguliwa kwa funguo tatu, pesa zikahesabiwa, zikaandikwa.